Jirani Mrusi katika nchi ya Waislamu

Ulipovunjika Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, Warusi wapatao milioni 25 walijikuta ni raia wa ugenini ilhali hawajahama majumbani mwao. Milioni 6 kati yao walikuwa Kazakhstan, nchi ya Waislamu. Wasomaji wengi wa ukurasa huu, wakitajiwa Warusi, hukumbuka Afghanistan na Chechnya, na huruma hupungua. Hatuwalaumu.

Wakazakh wana machungu makubwa zaidi. Njaa ya miaka ya 1930 hadi 1933, iliyoletwa na siasa za Stalin, iliua watu wapatao milioni 1.5, wengi wao Wakazakh. Misikiti ilifungwa. Tangu 1954 walowezi waliletwa kwa wingi kulima nyika zao, hata sensa ya 1959 ikawakuta Wakazakh ni asilimia 30 tu katika nchi yao wenyewe. Disemba 1986, vijana wa Alma-Ata waliopinga kuletewa kiongozi kutoka Urusi walipigwa na askari, na wako waliouawa.

Kulipiza kisasi kulikuwa rahisi. Latvia iliwaacha watu zaidi ya 700,000, wengi wao Warusi, bila uraia. Kazakhstan iliwakubali wakazi wake wote, na Katiba ya 1995 ikaifanya lugha ya Kikazakh kuwa ya taifa, huku ikiruhusu Kirusi kitumike sawa nayo katika ofisi za serikali.

Hatusemi kwamba hapakuwa na manung'uniko. Vyeo vya juu vilizidi kwenda kwa Wakazakh, na Warusi wengi walihama. Kutoka asilimia 38 mwaka 1989, walibaki takriban 15 katika sensa ya 2021. Kisha Moscow ikaingia Crimea mwaka 2014, na kuanzisha uvamizi mkubwa wa Ukraine mwaka 2022, kwa kisingizio cha kuwalinda wasemao Kirusi. Tangu hapo jirani Mrusi hutazamwa kwa shaka, ingawa vita hakuvianzisha yeye. Hapo ndipo inapotuhusu amri ya Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul-Maida, aya ya 8, ya kutenda uadilifu hata kwa watu tunaowachukia.

Septemba 2022, Warusi waliokimbia kuandikishwa jeshini walimiminika mpakani. Katika siku chache waliingia Kazakhstan watu wapatao 98,000. Rais Tokayev aliagiza wasaidiwe. Katika mji wa Oral, jumba la sinema lilifunguliwa usiku kwa wale waliokosa pa kulala.