Kilichofichwa chini ya ushungi

Kamati yetu ya msikiti hapa Ngarenaro hupokea barua nyingi za kuomba mchango wa matibabu. Iliyotufikia hivi karibuni ilitutafakarisha. Baba mmoja aliomba tumsaidie kununua sindano za mkewe, aliyeugua soriasisi tangu usichana na ambaye sasa utosi wake umebaki wazi. Aliamini kwamba sindano hizo zitazirejesha nywele. Tuliona inafaa kwanza tuwaulize wenye elimu.

Soriasisi si mapunye, ingawa nasi wanakamati tuliita hivyo kwa miaka, wala haiambukizi kwa kitana au ushungi. Ni kinga ya mwili iliyopindukia mpaka, ngozi ikaota upesi kuliko desturi na magamba yakarundikana. Nywele zinazopukutika kwa sababu hiyo mara nyingi huota tena ugonjwa ukitulia. Lakini uvimbe ukidumu miaka, au ukiwapo ugonjwa mwingine unaoharibu mashina ya nywele, kama ule unaoanzia utosini na kuenea polepole, ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, kovu huchukua nafasi ya shina. Ngozi hung'aa, vitundu vya nywele hutoweka, na hapo nywele hazioti tena.

Dawa zinazoitwa za kibayolojia, mfano adalimumabu, hutengenezwa ndani ya chembe hai na hudungwa chini ya ngozi ili kuzuia ujumbe mmoja mahsusi wa kinga. Kwa soriasisi kali ni faraja kubwa. Kovu, hata hivyo, hazilifufui. Na mara chache adalimumabu na jamaa zake huzusha soriasisi mpya kichwani. Zito zaidi kwa nchi yetu ni kwamba huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, ndiyo maana kipimo chake hutangulia sindano. Ipo pia methotreksati, dawa ya zamani na nafuu zaidi. Hiyo kwa soriasisi hutumiwa mara moja kwa juma, kamwe si kila siku, na mjamzito haimfai kabisa.

Daktari wa ngozi hukata kipande kidogo cha ngozi ya kichwa kikatazamwe kwa hadubini, ijulikane kama shina lingali hai. Nasi wa Arusha hatuko mbali na wataalamu: Moshi, kiasi cha kilometa 80, pale KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kanda kinachofundisha tiba ya magonjwa ya ngozi.

Tuliambiwa kuwa mama huyo alichelewa kwa kuona haya kufunua kichwa. Ndugu zetu akina mama, kufunua mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja kumeruhusiwa. Akipatikana tabibu mwanamke, ndiyo bora zaidi. Akina baba nao wajue kwamba kumsindikiza mke ni nusu ya safari.

Fedha za sindano hatujazitoa. Tumetoa nauli ya Moshi kwa watu wawili na gharama za vipimo, na barua ile ingali mezani petu ikisubiri majibu ya daktari.