Kabla ya kuongeza megabiti, nunua waya

Wacha nitoe msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Ikiwa runinga yako inaganda kila jioni, dawa ya kwanza si kupanda kifurushi. Wengi wetu hapa Eastlands, kuanzia Umoja na Kayole hadi Donholm na Pipeline, tunalipia kasi ambayo haifiki kwenye runinga, kisha tunashauriwa tulipie kasi zaidi ambayo pia haitafika. Ni kama kununua tangi kubwa la maji ilhali mfereji wa jikoni umeziba.

Mimi naandika programu kwa riziki yangu na nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Mtaani hayo yote yana maana moja tu: "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Hebu kuja uangalie hii waifai." Nimeziangalia nyingi sasa, na ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na hesabu. Netflix, ambayo ilifika Kenya Januari 2016, inapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, megabiti 5 kwa 1080p na megabiti 15 kwa 4K. Kwa hivyo mwenye kifurushi cha megabiti 10 ana za kutosha runinga moja ya 1080p, na zinabaki za simu mbili tatu. Kama picha inaganda, kuna kitu kinazila hizo megabiti njiani.

Njia yenyewe ina vipande vitatu: kutoka runinga hadi ruta, kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma hadi huko nje duniani. Usikubali mtu akuuzie dawa kabla hajakuambia ni kipande kipi kinauma.

Kujua si kazi ngumu. Chukua kompyuta, keti pale runinga ilipo, fungua dirisha la amri na upige ping kwa ruta yako. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Iache iende kwa dakika tano saa mbili usiku, wakati mtaa wote uko hewani. Kisha rudia kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Ikiwa majibu ya ruta yanaruka kutoka milisekunde 2 hadi 300, au mengine yanapotea kabisa, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ikiwa ruta inajibu vizuri lakini 8.8.8.8 inapotea, basi ugonjwa uko nje, na hapo mpigie mtoa huduma bila aibu.

Kwa nyumba ambazo nimepima mimi, ugonjwa umekuwa ndani mara nyingi kuliko nje. Sababu ni jinsi tunavyoishi. Waifai ya zamani hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo yana nafasi ya chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Sasa fikiria ploti ya ghorofa saba huko Tassia, kila mlango na ruta yake, na ploti jirani iko karibu kiasi cha kupeana chumvi dirishani. Waifai ina adabu ya baraza: kifaa husikiliza kwanza, na mwingine akiwa anaongea kinangoja. Vifaa arobaini vikingojana, runinga yako inapata zamu mara moja moja. Hapo hata ukinunua megabiti 100, zitakaa kwenye foleni ile ile.

Ongeza na kuta zetu. Mawe ya kuchonga na slabu yenye vyuma hayapendi mawimbi ya redio. Zile nyumba za ghorofa moja za Buruburu zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980 ni imara, lakini ukiweka ruta sebuleni na runinga chumbani juu, slabu inakula sehemu kubwa ya nguvu.

Kwa hivyo dawa yangu ya kwanza ni ya kizamani kabisa: waya. Mita kumi za waya wa Ethernet zenye plagi pande zote mbili, kutoka ruta hadi runinga, ukizipitisha juu ya mlango au kando ya ukuta. Waya haungoji jirani amalize kuongea. Wengine watakuambia tundu la waya kwenye runinga nyingi lina mwisho wa megabiti 100 kwa sekunde. Ni kweli, lakini 4K inataka 15.

Kama waya hauwezekani, hamia gigahezi 5. Masafa haya yana chaneli nyingi zaidi na hayapenyi ukuta vizuri, jambo ambalo kwenye ploti ni baraka, kwa sababu kelele ya jirani inabaki kwa jirani. Kwenye bedsita yanatosha kabisa. Toa pia ruta nyuma ya kabati na uiweke juu, mahali wazi. Na ukibaki kwenye gigahezi 2.4, weka upana wa chaneli megahezi 20, usiweke 40. Kuchukua 40 kwenye ploti ni sawa na kuegesha gari katikati ya nafasi mbili.

Kuna magonjwa mengine yanayosingiziwa mtandao. Vile vijiti vya kuchomeka nyuma ya runinga watu huvipa umeme kutoka tundu la USB la runinga yenyewe. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na vijiti vingi vinataka zaidi, ndiyo maana vinajizima katikati ya mechi. Tumia chaja yake iliyokuja nayo. Stima ikipotea na kurudi, visanduku vya bei rahisi husahau tarehe, na kifaa kinachodhani tuko mwaka 2015 hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, hivyo hakifunguki kitu. Rekebisha saa kwanza. Hata kampuni kubwa hupatikana: Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili zilikwama duniani kote kwa sababu cheti cha ndani chenye umri wa miaka kumi kilikuwa kimeisha muda. Siku hiyo hakuna fundi wa mtaani angeweza kukusaidia.

Na kuna siku kosa liko mbali sana. Kabla ya 2009 tulitegemea setilaiti, mpaka kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka huo. Mei 2024 kebo za SEACOM na EASSy zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Ndiyo maana nasema pima kwanza.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Shilingi 1,500 kwa mwezi si pesa ndogo kwa mtu anayelipa kodi ya bedsita, na mtandao huo huo ndio mtoto anafanyia kazi za shule. Anapopiga simu kulalamika na jibu la kwanza ni "ongeza kifurushi", hajahudumiwa, ameuziwa. Maoni yangu ni kwamba fundi yeyote akiitwa, aanze kwa kuchomeka waya kwenye ruta na kupima mbele ya mteja. Waya ukionyesha kasi iliyolipiwa, amsaidie mteja kupanga waifai. Usipoionyesha, kampuni irekebishe laini yake na siku hizo zifidiwe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa. Lalamika kwa mtoa huduma kwanza, na ukipuuzwa peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ukiwa na vipimo vya wiki moja, vyenye tarehe na saa, ni vigumu kukuzungusha.

Na wenye ploti nao wasikike hapa. Kuna wanaoruhusu kampuni moja tu kupitisha waya, na mpangaji akilalamika anaambiwa ahame. Huko ni kumuuza mpangaji pamoja na ukuta. Ruhusuni angalau kampuni mbili, na mnapojenga mpya wekeni mabomba ya kupitishia waya hadi kila chumba, kama mnavyoweka ya stima. Bomba ni pesa kidogo kabla ya plasta, na ni pesa nyingi baadaye.

Jioni ya leo piga ping ya dakika tano kabla ya kulipia kifurushi kingine. Ruta ikikujibu vibaya, hizo pesa za kupanda kifurushi zipeleke dukani ukanunue waya.