Wanaoililia Theluji

Hapana wapenzi wa milima wanaoyatangaza mapenzi yao kwa sauti kama wacheza ubao wa theluji. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni huu: mtu huifunga miguu yake miwili juu ya ubao mmoja, akasimama ubavu, akauteremka mlima mweupe kama kijana apandaye wimbi. Katika filamu zao, katika majarida yao, hata katika michoro inayopamba mbao zenyewe, mlima husifiwa kama washairi wa pwani walivyozowea kumsifu mpenzi: ni mweupe, ni mkimya, hana mfano. Na miaka ya karibuni umeongezwa ubeti mpya katika sifa hizo, ubeti wa huruma. Mlima unaumwa, wasema, theluji inatukimbia, basi kila mwenye ubao na apunguze madhara yake. Achukue chupa yake ya maji, asinunue ya plastiki. Aokote taka njiani. Aupake ubao nta isiyo na sumu. Avae koti lililofumwa kwa nyuzi za chupa kuukuu.

Yote hayo ni mema, khasa hilo la nta. Kwa miaka mingi mbao zilipakwa nta yenye kemikali za florini, ambazo hazioza. Husuguka kwenye theluji, na theluji iyeyukapo huteremka nazo hadi mitoni. Shirikisho la kimataifa la michezo ya theluji lilitangaza kuzipiga marufuku mwaka 2019, na marufuku hiyo ikatekelezwa kikamilifu katika msimu wa 2023/24. Aliyeiacha nta hiyo mapema amefanya jambo la maana. Walakini ubeti huu wa huruma una kasoro ambayo sikio lililozowea mashairi huitambua upesi. Vina vimetimia, mizani imetimia, maana imeachwa nje. Mtu huyu mwenye koti jipya na chupa ya bati, amefikaje mlimani?

Aghalabu amefika kwa ndege, kisha kwa gari. Hesabu zilizofanywa Ufaransa kuhusu miji ya michezo ya theluji zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotokana na miji hiyo hutoka katika safari za wageni, kwenda na kurudi. Mashine za kupandishia watu, ambazo kila macho huzilaumu kwa vile zinaonekana, zina sehemu ndogo tu. Mtu atokaye London Ijumaa jioni kwa ndege kwenda Geneva, akateleza siku mbili na kurudi Jumapili usiku, hata akiokota taka za mlima mzima hawezi kuilipa safari yake. Seuze yule aitwaye katika lugha yao mfuata msimu, ambaye Januari yuko Hokkaido, Machi yuko Alaska, na Julai, wakati kaskazini ni kiangazi, anapatikana Chile au New Zealand akitafuta majira ya pili ya baridi ndani ya mwaka mmoja. Huyo ndiye shujaa wa filamu. Huyo ndiye anayewaambia wengine wachukue chupa.

Na si kwamba mchezo ulizaliwa hivyo. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha mbao mbili za kutelezea ili binti zake wapate kitu cha kuchezea kwenye kilima cha karibu na nyumba. Kitu hicho kikaitwa Snurfer, jina lililochanganya theluji na kupanda mawimbi. Watu wa bahari watafurahi kujua kwamba ubao wa milimani ulizaliwa kwa kuionea wivu bahari. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter akaanza kuunda mbao zake huko Vermont. Miaka ile ya mwanzo sehemu nyingi za michezo ya theluji ziliwakataa wenye mbao zisiwapandishe kwenye mashine zao, kwa kuwaona wahuni. Wakapanda kwa miguu, ubao begani, kwenye vilima vya jirani. Madhara yao kwa mlima yalikuwa nyayo zao. Leo jambo hilo hilo linauzwa kama uvumbuzi, kwa bei kubwa, pamoja na mwongozo wa namna ya kuwa mwema.

Mchezo ulipokubaliwa, na khasa ulipoingia katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, ukapata fedha, na fedha haipendi kusubiri mawingu. Mwaka 2010 Olimpiki ilipofanyika Vancouver, mlima wa Cypress uliotengewa mashindano ya ubao ulikosa theluji. Ikachukuliwa kwengine na kuletwa kwa malori na helikopta. Februari 2020, huko Superbagnères katika milima ya Pyrenees, helikopta ilibeba kiasi cha tani 50 za theluji kutoka juu ya mlima ikazimwaga chini, ili wanaojifunza wasiikose likizo yao. Hata serikali ya Ufaransa iliona haya. Kisha ikaja Beijing mwaka 2022, Olimpiki ambayo karibu theluji yake yote ilitengenezwa kwa mashine. Moja ya mashindano ya ubao likafanyika kando ya minara ya kiwanda cha zamani cha chuma. Picha zake zilikuwa nzuri mno. Hilo halikanushwi.

Theluji ya mashine inastahili kuelezwa, maana wengi hudhani ni ujanja mdogo. Mizinga hurusha maji yaliyosagwa kuwa ukungu katika hewa iliyo chini ya kiwango cha kuganda, na ukungu huo huanguka ukiwa umekwisha kuwa punje za barafu. Mita 1 ya ujazo ya maji hutoa mita 2 hadi 2.5 za ujazo za theluji. Kwa hiyo kuifunika hekta 1 kwa kina cha sentimita 30 hutaka zaidi ya mita 1,000 za ujazo za maji, na hiyo ni mara moja tu, kabla ya jua kuipiga. Maji hayo lazima yahifadhiwe mahali. Huko La Clusaz, katika Alps za Ufaransa, palikusudiwa bwawa la mita 148,000 za ujazo, sehemu kubwa yake kwa ajili ya mizinga. Wapinzani wakapiga mahema msituni, na Oktoba 2022 mahakama ya Grenoble ikausimamisha mradi, ikiona kwamba haja ya kutengeneza theluji haitoshi kuhalalisha kuharibiwa kwa makao ya viumbe vinavyolindwa. Pahali pengine bwawa huchimbwa bila kelele. Tena mizinga yenyewe haina msaada hewa ikiwa vuguvugu. Mwanzoni mwa Januari 2023, watu wa Alps waliona utepe mwembamba wa theluji ya mashine ukipita katikati ya majani mabichi, na wateremkaji juu yake wamesongamana kama abiria wa daladala.

Katika mambo haya Dubai, ambayo wafanyabiashara wa pwani hii wanaijua kuliko wanavyoijua milima yoyote, ina ukweli zaidi. Tangu mwaka 2005, ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, kuna kilima cha theluji chenye mita za mraba 22,500, kilichofungiwa kama samaki katika friji, ilhali nje wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Wapo wasomaji waliosimama mbele ya kioo chake wakiwa na mizigo yao mikononi. Ni israfu tupu. Ila mwenye duka hajasema kwamba anaupenda mlima, wala hakumwandikia mtu yeyote mwongozo wa kuulinda.

Hapo hutajwa Jeremy Jones, na ni haki atajwe. Mmarekani huyu alipata jina kwa filamu ambazo helikopta ilimshusha vileleni, akateremka palipoonekana hapateremkiki. Mwaka 2007 akaasisi Protect Our Winters, jumuiya ya kuwakusanya watu wa theluji kupigania tabianchi, kisha akaiacha helikopta. Filamu yake ya mwaka 2010, Deeper, ilimwonyesha akipanda kwa miguu, akilala katika hema juu ya barafu, akitumia siku nyingi kuufikia mteremko wa dakika chache. Chombo chake ni ubao unaogawika vipande viwili. Chini ya kila kipande hubandikwa utepe wa manyoya magumu yanayozuia kurudi nyuma. Mtu akafika juu, akaviunganisha tena, akateremka. Filamu iliyokuja mwaka 2014 ilimfikisha Nepali, na bila shaka Nepali hakwenda kwa miguu. Hata hivyo ameonyesha kitu kimoja ambacho orodha za chupa hazikithubutu kukitaja: kwamba raha yenyewe inaweza kupunguzwa idadi, na ikabaki raha.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba mtu mmoja si kitu. Wenye makosa ni makampuni ya mafuta na wabunge wao, na dawa ni sheria. Ni kweli kwamba sheria ina uzito kuliko chupa. Lakini kama kitendo cha mtu mmoja si kitu, mbona kilikuwa kitu wakati wa kuuziwa koti? Haiwezekani kikawa kikubwa dukani na kidogo kiwanja cha ndege. Jibu la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa wenyeji wa milimani: wageni wasipokuja, kijiji kitakula nini? Mwenye nyumba ya kulala wageni, mwalimu wa mchezo, mwendesha mashine, wote wanaishi kwa miezi minne ya mwaka. Swali hilo halijibiwi kwa dharau. Ila mgeni ajaye kwa treni akakaa siku kumi huacha fedha nyingi kijijini kuliko ajaye kwa ndege akakaa mbili, na njia ya treni ipo. Kutoka Paris mtu huteremka Bourg-Saint-Maurice, akavuka hatua chache, akapanda gari la reli la mlimani hadi Les Arcs bila kugusa usukani. Zermatt, huko Uswisi, haina magari ya petroli mitaani, na haikufa njaa. Métabief, katika milima ya Jura, ilikwisha kuanza kujiandaa kwa siku ambayo hapatakuwa na kuteleza, badala ya kukopa zaidi kwa ajili ya mizinga. Kijiji kilichojifunga kwa deni la mashine ndicho kilicho hatarini zaidi theluji ikikosekana.

Wala apandaye kwa miguu asijione malaika. Katika Alps wapo ndege wa jamii ya kwale wanaojichimbia ndani ya theluji wakati wa baridi ili wasipoteze nguvu. Mtu mmoja akiwapitia karibu huwafurusha, na kila mruko huwala akiba waliyo nayo kwa ajili ya kuufikia masika. Uswisi imeweka mipaka ya utulivu ambayo watu hawaruhusiwi kuivuka majira hayo. Mwenye ubao anayeivuka kwa kutafuta theluji isiyoguswa na mtu, hata kama amekuja kwa treni, ameingia chumbani mwa mtu aliyelala.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa maji, kwanza: barafu ya milimani iyeyukapo huishia baharini, na wataalamu wameikadiria kuwa kiasi cha moja ya tano ya kupanda kwa bahari katika miaka 20 ya mwanzo wa karne hii. Barafu za Uswisi zilipoteza karibu asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Yanamhusu pia kwa lugha. Neno theluji lilifika pwani kutoka Uarabuni kabla ya wengi wa walitumialo kukiona kitu chenyewe. Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, Mei 1848, mwongozi wake kutoka pwani hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi. Wanajiografia wa London wakakataa kuamini, na mwongozi yule hakuulizwa. Alikuwa amekitaja kwa kile kinachokiweka hai. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ulipoteza asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na waliokuwa wakiishi chini yake hawakuwa wamepanda ndege kufuata majira ya pili ya baridi.

Katika Bolivia, juu ya mji wa La Paz, kuna Chacaltaya, mahali palipojulikana kama kiwanja cha kutelezea kilicho juu kuliko vyote duniani, zaidi ya mita 5,000 kutoka usawa wa bahari. Watu wa klabu walijenga nyumba, wakafunga kamba ya kuwavuta juu, na kwa miaka mingi wakateremka juu ya barafu yenye umri wa maelfu ya miaka. Wataalamu walikuwa wamekadiria kwamba ingefika mwaka 2015. Ilitoweka mwaka 2009. Nyumba ya klabu ilibaki palepale imeukabili mteremko wa mawe, na wageni huendeshwa kwa gari hadi mlangoni kuja kupiga picha mahali theluji ilipokuwapo.