Mwenye Kisukari na Jiwe Linalorudi

Aliyewahi kupatwa na jiwe la figo hahitaji kuelezwa maumivu yake. Huanzia mgongoni chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani, na mtu mzima akagaagaa sakafuni. Jiwe likiisha kutoka, faraja huwa kubwa hata mgonjwa husahau kuuliza: lilikuwa jiwe la namna gani? Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya waliopata jiwe mara moja hurudiwa katika muda wa miaka 10, na mwenye kisukari anayo sababu yake ya pekee ya kurudiwa.

Sababu hiyo imo katika mkojo wake. Katika kisukari kile ambacho aghalabu huwapata watu wazima, hasa wanene, mwili hauitii insulini ipasavyo. Figo nazo huihitaji insulini ili zitengeneze amonia ya kutuliza asidi. Zisipoitii, mkojo huwa mkali. Katika mkojo mkali asidi ya yuriki, ambayo ni taka itokanayo na mwili wenyewe na nyama tuzilazo, haiyeyuki. Huganda chembe kwa chembe hata ikawa jiwe. Mwaka 2006 wataalamu wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kuchunguza mawe 2,464. Kwa wenye kisukari cha aina hiyo, mawe ya asidi ya yuriki yalizidi theluthi moja. Kwa wasio nacho, yalikuwa kama moja katika kila tisa.

Kwa hiyo jiwe lisitupwe. Kojoa juu ya chujio la chai lililotengwa kwa kazi hiyo, ulihifadhi, umpelekee daktari likapimwe. Jiwe la asidi ya yuriki kwa kawaida halionekani katika eksirei ya kawaida, na mgonjwa huweza kuambiwa kuwa hana kitu ilhali analo. Lakini pia ndilo jiwe linaloweza kuyeyushwa bila kisu, kwa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo kama vile potasiamu sitreti. Dawa hiyo si ya kujinunulia: potasiamu ikirundikana kwa mtu ambaye figo zake zimechoka, huweza kuusimamisha moyo. Wala magadi ya jikoni si badala yake.

Majirani nao hawakosi ushauri: acha mchicha! Mchicha una oksaleti nyingi, na kuupunguza huweza kumfaa mwenye jiwe la oksaleti ya kalsiamu. Mwenye jiwe la yuriki atakuwa amejinyima mboga bure, huku akiendelea na maini, figo za mbuzi, dagaa na bia, vitu ambavyo ndivyo vya kupunguzwa. Unene pia upunguzwe taratibu.

Lakini kubwa kuliko yote ni maji, na hapa ndipo wenye kisukari wengi hujidhuru. Mtu huamka usiku mara nne kwenda msalani, akaamua kupunguza kunywa ili apate usingizi. Dereva na kondakta hufanya hivyo mchana kwa kuwa gari halisimami. Ikiwa sukari ya damu imepanda, ndiyo inayoyavuta maji kutoka mwilini. Ukiyapunguza maji, sukari haishuki, bali mkojo huzidi kuwa mzito. Dawa ya safari hizo za usiku ni kuidhibiti sukari.

Huko Italia mwaka 1996 yalitangazwa matokeo ya watu 199 waliokuwa wamepata jiwe la kalsiamu kwa mara ya kwanza. Katika miaka mitano, walioshauriwa kunywa maji mengi walirudiwa 12 kati ya 99; wengine walirudiwa 27 kati ya 100. Shabaha ni kutoa mkojo wa lita mbili na nusu kwa siku. Soda na maji ya matunda yenye sukari havihesabiwi. Mwenye ugonjwa wa moyo au ambaye figo zimedhoofika amwulize daktari kwanza.

Maumivu yakija pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikoma, usingoje kupambazuke. Mkojo ulioziba ukiwa na vijidudu huweza kuua, na mwenye kisukari hushambuliwa upesi zaidi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na useme mlangoni kwamba una kisukari.