Kuongoza kikundi siyo kusoma karatasi

Wandugu, hii tunawaandikia vijana wakimbizi wenzetu, pia nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika.

Mmoja wetu anasoma tiba ya shughuli, ile kazi ya kumsaidia mtu arudie mambo yake ya kila siku, kuvaa, kupika, kushona, baada ya ugonjwa au majeraha. Darasani wamefundishwa kuongoza vikundi. Akatuomba ajaribu kwetu, hapa Bukoto, kila Jumamosi.

Siku ya kwanza alisoma kila kitu kwenye karatasi. Zile hatua saba za Marilyn Cole: utangulizi, shughuli, kushirikishana, kuchambua hisia, kutoa funzo, kulipeleka nyumbani, kufunga. Alipofika kwenye hisia akauliza: "Siku ile mlipokimbia, mlisikiaje?" Kimya. Mama mmoja akabeba mtoto wake, akatoka.

Tulimkasirikia. Lakini tuseme ukweli, wengi wetu tungefanya vilevile. Tumepewa mafunzo ya siku tatu, soda, pesa ya transpoti na cheti, kisha tukaambiwa sasa ni viongozi wa vikundi. Nani alirudi kuona tunaongozaje? Hakuna.

Jumamosi iliyofuata tukamwambia aweke karatasi chini. Tukakaa tukakunja shanga za karatasi. Mikono ikifanya kazi, midomo ikafunguka yenyewe: kodi ya nyumba, Luganda inayotushinda, usingizi usiokuja. Hapo akaelewa nadharia yake. Shughuli siyo ya kuchangamsha watu kabla ya maswali, yenyewe ni sehemu ya dawa. Na kitabu hakikumtuma aulize vita. Kuchambua hisia kunaanzia kwa kile mlichofanya leo pamoja.

Kwa hiyo hatusemi nadharia ni bure. Tunasema nadharia inataka mtu wa kukusimamia ukiwa unaijaribu.

Uganda yenyewe imeshaonyesha. Huko Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuuliza watu wanaitaje maumivu yao. Wakapata maneno ya Luganda kama okwekyawa, yaani kujichukia. Ndipo mwaka 2002, kati ya vijiji 30, baadhi vikapata vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki, wiki 16. Walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa hukohuko, wakafundishwa na kufuatiliwa. Huzuni ilishuka sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi. Mwaka 2016 WHO ikatoa mwongozo wa vikundi vya namna hiyo.

Basi, ndugu zetu wa mashirika, punguzeni vyeti, ongezeni usimamizi. Mtu mmoja mwenye ujuzi, anayekaa na viongozi wa vikundi kila wiki, anatusaidia kuliko semina tano za hotelini. Na kuongoza kikundi ni kazi, ilipwe kama kazi.

Na sisi vijana tusidharau kitabu eti kwa sababu tumepitia mengi. Kupitia shida hakukufundishi kuongoza wenye shida.

Yule mama tulimwendea nyumbani pamoja na mwanafunzi wetu, tukaomba msamaha. Alitupokea vizuri, akatupa chai. Kikundini bado hajarudi. Ndiyo maana tunasema hili jambo si la mchezo.

Kwenu mnaongozaje vikundi? Tuambieni.