Mwili hauzoei dawa, wadudu ndio wanaozoea!

Jamani, leo sina stori za boom. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Baridi la Iringa mwezi huu wa sita mnalijua, bweni zima linapiga chafya. Jana jioni jamaa wa chumbani kwetu karudi kutoka dukani na kapsuli sita za amoksilini, zile za rangi mbili. Hajapimwa, hana cheti. Kisa? Mafua! Kameza mbili, kamgawia wa kitanda cha juu mbili, mbili kaweka akiba. Nikamwambia mafua ni virusi, amoksilini inaua bakteria tu. Akajibu: "Mwili wangu, hela yangu. Tena kidogo kidogo ndio vizuri, mwili usizoee dawa."

Eti mwili uzoee! Mwili hauzoei kitu, wanaozoea ni bakteria. Hata ukimeza kwa ajili ya mafua, bakteria wa tumboni na kooni wanafanyishwa mtihani. Dhaifu wanadisko, wabishi wanafaulu na kuzaana. Nusu dozi za ovyo ovyo ndio mtihani wa kuwapasisha.

Na wabishi hao hawakai kwako peke yako. Hapa tunalala wanne, choo kimoja, kikombe kimoja. Likizo unawabeba mpaka Mbeya kwa mdogo wako. Siku akiugua nimonia, dawa ya kwanza ya mtoto ni hiyo hiyo amoksilini. Ikigoma je? "Mwili wangu" imefikaje kwenye kifua cha mtoto?

Si jambo jipya. Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi pungufu mwaka 1945, kwenye hotuba yake ya Nobel. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema usugu wa bakteria uliua watu milioni 1.27 duniani.

Najua mtasema foleni hospitalini ni ndefu na hela hakuna. Kweli kabisa, na muuzaji anayetoa bila cheti naye ana lake la kujibu. Lakini hela ya kapsuli si ilipatikana? Kwa mafua ingetosha tangawizi na limao, mengine ungeyaacha yapite. Ukizidiwa, kifua kikibana, nenda ukapimwe.

Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilimeza hivyo hivyo, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu. Nimeacha. Anayebisha aje chumbani, chai ya tangawizi ipo. Kikombe aje nacho.