Mtoaji tulimsitiri, mpokeaji tukamwanika



Ndugu msomaji, wiki hii sikuletei kisa cha mtu mwingine. Nakuletea kisa changu mwenyewe, wala sikiandiki kwa fahari, kwani ndani yake mimi ndiye mkosaji. Nimekaa nacho moyoni kwa miaka miwili. Sasa nimeona kwamba kukinyamazia ni kuwanyima wengine faida yake, hasa wakati huu ambapo kamati nyingi za misikiti zinajiandaa kwa Ramadhani.

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu, hapa mjini Tanga, jambo la kwanza nililojiwekea lilikuwa kunyoosha hesabu. Nilitoka chuoni nikiwa nimesomeshwa uzito wa amana, na mtaani kulikuwa na minong'ono ya siku nyingi kwamba futari ya masikini huishia majumbani mwa wanakamati. Nikaazimia kwamba katika zama zangu maneno hayo hayatasikika tena.

Mwaka huo ndugu zetu walichanga vizuri, tukapata mifuko 42. Kila mmoja ulikuwa na mchele kilo 10, unga wa ngano kilo 5, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia na tende. Nikaandika majina ya wakuu wa kaya 42, nikayapa namba, nikayachapa kwa herufi kubwa. Kisha nikaibandika orodha hiyo kwenye ubao wa matangazo, pale pale tunapovulia viatu, ili kila anayeingia na kutoka aisome. Pembeni yake nikabandika orodha ya pili, ya majina ya waliotoa na kiasi alichotoa kila mmoja. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama kazi yangu, nikaridhika.

Siku ya kugawa, ambayo ilikuwa Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, watu 41 walikuja kuchukua mifuko yao. Ukabaki mmoja, wa namba 17. Mwenyewe alikuwa mama mjane auzaye vitumbua asubuhi, na mwanawe wa miaka kumi alikuwa akisoma katika madrasa yetu. Nikamngoja hadi Magharibi, nikamngoja na siku ya pili. Siku ya tatu nikaupakia mfuko kwenye bodaboda, nikaenda nao nyumbani kwake. Sitakuficha, ndugu msomaji, kwamba njiani nilikuwa nikinung'unika moyoni: watu wengine wanaletewa kheri, nao hawana hata adabu ya kuifuata.

Nikabisha hodi. Mama yule akanikaribisha kwa heshima zote, akanitandikia mkeka, akanitengea chai na vitumbua vilivyobakia asubuhi. Hivyo mimi niliyekwenda kulisha ndiye niliyeanza kulishwa. Nilipokwisha kunywa nikamwuliza, "Mama, mbona hukuja kuchukua haki yako?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadh, sikuja kwa sababu ya huyu mtoto. Haendi tena madrasa."

Akanieleza yaliyotokea. Watoto wenzake waliisoma orodha walipokuwa wakivaa viatu. Tangu siku hiyo wakaacha kumwita kwa jina lake, wakawa wanamwita Kumi na Saba. Jioni moja, walipokuwa wakisoma sura kwa sauti wakafika aya ya 17, darasa zima likaangua kicheko, naye akafunga msahafu wake, akatoka. Juu ya hayo, kijana mmoja alikuwa ameipiga picha ile orodha na kuirusha kwenye kundi la simu la mtaa, ikafika hata kwa wasiosali katika msikiti wetu.

"Mwanangu," akaniambia mama yule, na sauti yake haikuwa na ghadhabu, "njaa tumeizoea. Ina siku yake, huja ikaondoka. Lakini jina hili sijui litamtoka lini mtoto wangu. Mzigo huu urejeshe, umpe mwingine. Sikatai neema ya Mola wala sina kiburi. Nikiupokea leo, nitakuwa nimekubali na jina."

Nikarudi na mfuko. Nilipofika msikitini nikasimama mbele ya ule ubao, na kwa mara ya kwanza nikazisoma zile orodha mbili kwa pamoja. Katika orodha ya waliotoa, mahali saba hapakuwa na jina la mtu. Paliandikwa "Mja wa Mwenyezi Mungu". Hao ni wale walionijia faraghani wakaniomba nisiwataje, wakichelea riya, nami nikawatimizia bila swali. Katika orodha ya wapokeaji hapakuwa na mja hata mmoja. Wote 42 walikuwa na majina yao kamili, ya mtu na baba yake. Mtoaji alipotaka sitara alipewa. Mpokeaji, ambaye ndiye aliyeihitaji zaidi, hakuna aliyemwuliza. Nikaibandua orodha usiku ule ule.

Ndugu msomaji, haya si mambo ambayo nilikuwa siyajui. Katika Suratul Baqara, kuanzia aya ya 263, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatufundisha kwamba neno jema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi, na kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka yenyewe. Aya ya 271 haikukataza kutoa kwa dhahiri, bali imekusifu, kisha ikabainisha kwamba kuwapa mafukara kwa siri ni bora zaidi. Na aya ya 273 inawataja mafukara ambao kwa kujizuia kwao kuomba, asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri. Aya hizi nilizihifadhi. Nilizitolea hata darsa. Lakini siku zote nilizisoma kama mtu anayetoa, sikupata kuzisoma nikiwa nimekaa upande wa namba 17.

Nilipolipeleka suala hili mbele ya kamati, halikupita kwa wepesi. Mzee wetu mmoja, mtu mwadilifu, alipinga kwa hoja nzito. Alisema, "Katibu, orodha ndiyo iliyotusafisha. Ukiificha, kesho tutaambiwa tumekula." Hakukosea. Amana nayo ni dini, na anayeshika mali ya watu hana budi kuweza kuitolea hesabu. Tulizungumza hadi adhana ya Isha. Imamu wetu ndiye aliyetutoa katika mkwamo huo. Aliuliza, "Watu wanataka kujua nini? Mali imekwenda wapi, au jirani yao ana shida gani? La kwanza ni haki yao, la pili si haki yao."

Tukaafikiana. Ubaoni tunabandika kiasi kilichopatikana, kilichonunuliwa, risiti za duka na idadi ya kaya. Majina yamo katika daftari moja, linalojulikana na watu watatu tu: imamu, mhazini na katibu. Mwenye shaka huruhusiwa kumteua mzee anayemwamini akalikague daftari hilo. Mifuko huipeleka wanakamati majumbani baada ya Isha, bila kamera na bila hotuba. Hatukubuni jambo jipya. Wanahistoria wamesimulia kwamba Ali bin Hussein, mjukuu wa Sayyidna Ali (R.A.), alikuwa akibeba chakula mgongoni usiku akiwapelekea masikini wa Madina, na wengi wao hawakumjua mfadhili wao hadi alipofariki, ule msaada wa usiku ulipokatika.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Mfadhili wetu mmoja mkubwa alizoea kupigwa picha akikabidhi mifuko mikononi mwa wajane. Tulipomweleza utaratibu mpya hakutugombeza, ila mwaka uliofuata hakutuletea kitu. Tukapunguza kilo za mchele katika kila mfuko ili kaya zote 42 zipate. Hakuna kaya iliyolalamika.

Ama yule mtoto, nilimwendea kumwomba radhi. Nilimkuta uani akimsaidia mama yake kuosha vyombo. Nikachutama, nikamwambia kwamba kosa ni langu, si lake wala la mama yake. Akanitazama, akauliza, "Orodha mmeitoa?" Nikamjibu kwamba tumeitoa. Akauliza tena, "Na ile ya kwenye simu?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Alirudi madrasa baada ya Idd. Maalimu alizungumza na wenzake, na sasa wanamwita kwa jina lake. Lakini hukaa safu ya nyuma, na viatu vyake haviachi tena karibu na ule ubao. Mama yake tulimfikia mwaka uliofuata, usiku, kwa mkono wa mke wa imamu. Alipokea.

Ndugu wazazi, ukurasa huu ni wa familia, nami sitaki mdhani kwamba somo hili ni la kamati peke yake. Kila nyumba ina ubao wake wa matangazo. Unapomtuma mtoto apeleke sahani ya futari kwa jirani, ifunike, tena umwambie asisimulie barazani alichokiona mle ndani. Unapompa mtoto wa ndugu yako nguo za mwanao, mfunze mwanao asije akasema mbele ya wenzake, "Hiyo ilikuwa yangu." Unapomlipia mtu ada au dawa, usimfanye kuwa hadithi ya kupigia mfano kwenye mazungumzo. Na kabla ya kuinua simu kumpiga picha mwenye shida, jiulize kama ungeridhia mama yako aonekane hivyo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayemsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na Akhera. Hakuna kati yetu asiyeihitaji sitara hiyo, na huenda Siku ya Kiyama tukaihitaji kuliko yule mama alivyouhitaji mchele.

Ewe Mola wetu, zikubalie sadaka zetu, tusamehe maudhi tuliyoyachanganya nazo tukijua na tusipojua, na uzisitiri aibu zetu kama tunavyotamani kusitiriwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.